Ng'ombe Yupi, Mwalimu?

Wifi yangu alimletea binti yangu kitabu cha plastiki chenye vitufe. Ukibonyeza picha ya kuku kinalia kuku, ukibonyeza paka kinalia paka. Ukibonyeza ng'ombe, yule mweupe mwenye mabaka meusi, aliyesimama kwenye majani ambayo huku Dodoma hatuyaoni hata mvua ikikolea, inatoka sauti ya mwanamke wa Kizungu: "Mooo." Si ng'ombe. Ni mwanamke anayejifanya ng'ombe. Mtoto akacheka, akabonyeza tena, na tena. Mimi nilikuwa nakata mchicha. Niliinuka na kisu mkononi, nikakichukua kile kitabu, nikafungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu, nikatoa betri na kuzitupa kwenye ndoo ya taka. Mume wangu akaniuliza kitabu kimenikosea nini. Nikamwambia kitabu hakijanikosea. Aliyenikosea ni mtu, yuko hai, na namwombea maisha marefu ili aendelee kukumbuka.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifanya. Nililitafuta lile neno kwenye simu. Nikakuta maelezo kwamba "moo" ni neno la kuiga sauti tu, na kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno jingine kabisa kwa mlio wa ng'ombe. Hili likaja baadaye, likawakaa watoto mdomoni, halafu likawakaa wote. Kumbe hata kwao ni kazi ya kubahatisha. Mtu alimsikiliza ng'ombe, akashindwa kumwandika, akaandika alichoweza. Siwalaumu. Kiswahili chetu hakikujisumbua hata kidogo, kimesema ng'ombe analia, basi, neno lile lile la mtoto mchanga na la mfiwa. Nilipoteremka chini zaidi nikakuta maana ya pili. Kumbe mitaani kwao hilo hilo ni tusi, humwita hivyo mwanamke mjinga au mwenye karaha. Nilitabasamu mpaka mume wangu akaniuliza tena nina nini.

Nilikulia kwa Bibi, mama yake baba, kijiji kimoja upande wa Hombolo. Ninyi wa rika langu mliolelewa na mabibi mnajua raha yake na mnajua pia fimbo yake. Bibi yangu hakuwa mpole. Alikuwa mwembamba, mwenye kujisifu, mpenda vichekesho, na alikuwa na kazi moja ambayo watu walimfuata kwayo kutoka vijiji vya jirani. Ng'ombe akifiwa na ndama hukataa kushusha maziwa. Utamkamua, utambembeleza, chuchu kavu. Hapo ndipo walipomwita Bibi. Alikuwa anachuchumaa upande wa kichwa cha yule ng'ombe, anakusanya viganja mdomoni, na analia kama ndama. Alianzia puani, chini kabisa, kama mtu anayelalamika usingizini, halafu sauti ikashuka kooni na kufunguka, ikarefuka, na mwishoni ikakatika kwa mtetemo mdogo wa njaa. Ng'ombe aligeuza masikio. Mkamuaji chini akasikia maziwa yanaanza kugonga kibuyu. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyomwona akisali, na alikuwa hakosi kanisani.

Alinifundisha nikiwa mdogo sana, kwa ukali. Nikikosea ananipiga kofi la shavu na kusema, "Huyo ni mbuzi. Nimekwambia ndama." Nilipopatia hakunisifu, aliniambia tu nirudie. Na kila jioni ng'ombe walipokuwa zizini na mmoja wao akalia, mtu yeyote aliyekuwa karibu na moto aliuliza, "Anasemaje?" Lilikuwa swali la kweli, lenye jibu. Anamwita mwanawe. Ana kiu, kisima leo kilikuwa na matope. Amenusa fisi. Ukijibu vibaya unarudishwa ukasikilize tena.

Baba alikuwa dereva wa gari la serikali mjini. Alipopata nyumba ya kupanga Nkuhungu alikuja kunichukua, akanipeleka shule ya Kiingereza, maana aliwaona watoto wa mabosi wake wakikiongea kwenye viti vya nyuma na alitaka na yeye awe na wa kwake. Shule yenyewe ilikuwa imeota pembezoni mwa mji, upande wa kaskazini, kwenye viwanja vilivyokuwa vimepimwa juzi. Mbele ilikuwa na geti zuri na maua. Nyuma ilikuwa na ua wa minyaa wenye mapengo. Wenye shule hawakuwa wa huku, na hakuna aliyewaambia kwamba nyuma ya minyaa ile ndiyo njia ya ng'ombe wa mnada wa Msalato, na kwamba ilikuwepo kabla babu wa aliyewauzia kiwanja hajazaliwa. Kila Jumamosi tangu alfajiri ng'ombe walipita pale, vumbi likatanda mpaka madarasani. Walidhani ni vumbi tu la Dodoma.

Mwalimu wangu alikuwa Madam Stella. Alitoka Dar es Salaam, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Alikuwa mzuri, ana viatu vya visigino kwenye mchanga wetu, na ana kadi kubwa za picha za wanyama alizozinyanyua moja moja huku darasa likijibu kwa pamoja. Wiki yangu ya kwanza akanyanyua ng'ombe. Darasa zima likavuta pumzi kujibu. Akawazuia kwa kidole, akaniangalia mimi mgeni, akauliza kwa Kiingereza, na alipoona sijaelewa akarudia kwa Kiswahili, "Haya, ng'ombe anasemaje?"

Nilifurahi. Hilo nalikumbuka kuliko yote, nilifurahi, maana tangu nifike mjini hilo ndilo swali la kwanza ambalo nilikuwa nimeshawahi kuulizwa. Nikasimama. "Ng'ombe yupi, mwalimu?"

Wakacheka. Madam Stella akagonga kadi kwa kucha. "Huyu hapa."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa amechorwa na kiwele kimevimba, chuchu zimetanuka huku na huku. "Anasema hajakamuliwa," nikasema. "Anaumia."

Sijawahi kusikia watoto wakicheka vile. Wengine walilala juu ya madawati. Madam Stella hakucheka, alidhani namdhihaki. Akanipandisha juu ya kiti, akaniambia niseme "moo" mpaka kengele ya mapumziko igongwe. Nilisema. Nilikuwa nasema huku nikijiuliza ni ng'ombe gani wa kwao huyo asiye na shida yoyote, siku nzima ana neno moja tu. Nikaamua kwamba Uingereza ng'ombe nao wamesomeshwa, wakachapwa, wakafundishwa kujibu kwa kifupi. Niliwahurumia. Tangu siku ile jina langu shuleni likawa Moo, na Madam Stella mwenyewe aliliita kwa sauti ya upole kabisa, kama vile ndilo nililobatizwa.

Kwangu mimi ningeweza kuyameza. Mtoto humeza mengi. Ila siku moja wazazi waliitwa kuangalia madaftari ya watoto wao. Baba alikuwa safarini na bosi, mama alikuwa na kichanga cha wiki, basi akaja Bibi kutoka kijijini. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya mwalimu, maana kwake mtu anayekulelea mtoto huendi kwake mikono mitupu. Kile kibuyu alikipenda. Kilikuwa cheusi kwa kufukizwa moshi, shingo ndefu, kizibo cha gunzi lililovikwa ngozi, na ubavuni kilikuwa na ufa wa zamani ambao alikuwa ameushona kwa mshipa wa ng'ombe, mshono wa mkato mkato kama kovu. Alisimama mlangoni mwa darasa, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," halafu kwa Kiswahili, "Hamjambo, wanangu."

Madam Stella akawageukia watoto na kusema kwa Kiingereza, akitabasamu, wamsalimie bibi yake Moo. Kwa lugha anayoielewa.

Na wote wakalia. "Mooo." Chumba kizima.

Nilimtazama Bibi. Macho yake yalikuwa yamejaa furaha. Aliweka kibuyu chini, akapiga makofi taratibu ya viganja vilivyokunjwa, namna wanawake wa kwetu wanavyopiga wakipokea heshima, akaniuliza kwa Kigogo, "Wamefundishwa na nani hawa?" Alidhani wanamkaribisha. Alidhani kuna watu mjini wanaoheshimu ng'ombe kiasi cha kumpokea mgeni kwa sauti yake. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupitwa, akakusanya viganja mdomoni akawajibu. Akalia ndama.

Kwanza palikuwa kimya, maana ndama alikuwa mle ndani. Nadhani kuna watoto walitazama chini ya madawati. Halafu mmoja akacheka, na wote wakafuata, na Madam Stella akacheka mpaka akatoa leso na kujifuta chini ya macho asiharibu wanja. Bibi akacheka pamoja nao. Alikipokeza kibuyu kwa mikono miwili, mwalimu akakipokea kwa vidole viwili. "Asante sana, mwalimu," Bibi akasema. "Umenilelea vizuri. Nimeona mwenyewe."

Saa ya mapumziko niliyaona yale maziwa. Yalikuwa yamemwagwa nyuma ya jiko la shule, nzi wameyafunika, ardhi imeshaanza kuyanywa. Kibuyu sikukiona.

Sasa mnielewe vizuri hapa. Bibi aliporudi kijijini alihadithia. Alihadithia kisimani, mashineni, na baada ya ibada pale nje ambapo watu huwa hawaondoki mpaka jua liwe kali. Kwamba shule ya mjukuu wake ina watoto wanaolia kama ng'ombe, hawajapatia bado, wanakata kifupi, lakini wana moyo. Kwamba mwalimu alifurahi mpaka machozi. Nilipokwenda likizo aliniweka katikati ya watu na kuhadithia tena, na aliniambia niseme kama ni uongo. Nikasema ni kweli. Alipouliza kibuyu chake kitarudi lini, nikamwambia mwalimu amekipenda, anataka kukaa nacho. "Basi akae nacho," Bibi akasema, na ile furaha usoni mwake ilinichoma kuliko viti vyote nilivyopandishwa. Niliapa mambo mawili. La kwanza, kwamba Bibi asijue kamwe. La pili, kwamba Madam Stella atalipa.

Nilitafakari njia kwa bidii ambayo kwenye hesabu sikuwa nayo. Upupu kwenye kiti chake niliufikiria nikauacha, ulikuwa mdogo, angejikuna siku moja na kusahau. Kumvunjia kisigino, mdogo. Nilitaka kitu atakachokiona kwa macho, mbele za watu, na asiweze kumshtaki mtu. Ikawa Jumamosi moja tumeitwa masomo ya ziada, nimetoka kwenda chooni, na chooni kulikuwa karibu na ule ua wa minyaa. Ng'ombe wa mnada walikuwa wanapita. Nikachungulia kwenye pengo nikaona mmoja ana kiwele kimejaa, hajakamuliwa tangu alfajiri, na pembeni hana ndama. Wamemwacha nyumbani. Nilikusanya viganja nikalia, kidogo tu, hata nusu haikufika. Yule ng'ombe alisimama pale pale. Aligeuza kichwa, akaja hatua kadhaa kuelekea minyaa, na mchungaji akamchapa kumrudisha njiani. Nilirudi darasani. Sikuirudia tena. Niliiweka akiba.

Mahafali ya shule yakapangwa Jumamosi. Mtu wa Dodoma asingepanga, au angepanga na kuweka watu wa kusimama nyuma. Wao waliweka maturubai, jukwaa, viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa vyeupe, keki ya ghorofa, spika kubwa kila upande, na wakaelekeza wageni migongo yao kwenye ua wa minyaa ili jua lisiwapige machoni. Madam Stella alikuwa ametunga igizo la wanyama. Mimi sikupewa mnyama. Nilipewa kazi ya kupanga viti.

Bibi akasikia kuna mahafali. Akamtumia baba salamu kwamba anakuja, anataka kuwasikia wale watoto kama wameendelea. Nilimwambia baba wageni ni wachache. Nikamwambia kuna ugonjwa wa macho shuleni. Nikajaribu hata kulia. Baba akasema mama yake hajawahi kuomba kitu, na yeye hatamnyima hiki. Basi alikuja, amevaa kanga mpya yenye karatasi ya dukani bado imeganda kwenye pindo, akaketi mstari wa pili kati ya baba na mama mmoja mwenye miwani, akaanza kumsalimia kila mtu. Nilipomwona nikajiambia, leo hapana. Vumbi la mnada lilikuwa limeshatanda nyuma ya minyaa na nilisikia kwato, ila nikasema hapana, Bibi yupo, acha waimbe, ataondoka na furaha yake.

Watoto wakapanda jukwaani wamevaa masikio ya karatasi. Bata akasema lake, mbwa akasema lake, kondoo akasema lake, yote kwa Kiingereza, wageni wakapiga makofi. Wa ng'ombe wakasema "mooo" na Bibi akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, akamnong'oneza yule mama wa miwani, nikasoma midomo yake, "Wameendelea."

Halafu akaingia Lilian. Lilian alikuwa mtoto wa darasa letu, hodari wa kuigiza. Alikuwa amepakwa masizi usoni, amefungwa shuka kuukuu, mgongo umepindwa kwa mto, anachechemea. Mkononi ana kibuyu cheusi chenye shingo ndefu na mshono ubavuni.

Bibi alikitambua kabla yangu. Alinyoosha kidole, uso umefunguka, akamvuta yule mama mkono. "Kibuyu changu kile," akasema, kwa sauti, watu wa mbele wakageuka. "Kile ni changu."

Lilian akapinda zaidi. Akasema kwa Kiswahili alichokiharibu makusudi, "Hamujambo bana wangu," akakuna makalio, akaweka kibuyu chini, akakusanya viganja mdomoni, akatoa sauti ya ovyo, ndefu, ya kuchafukwa na tumbo. Kisha akatazama chini ya sketi za watoto wenzake kutafuta wa kumkamua. Wageni walicheka mpaka viti vikalia. Mkurugenzi wa shule alikuwa anapiga meza. Kando ya jukwaa Madam Stella alisimama na gauni refu la bluu, anatamka maneno ya Lilian kwa midomo, moja baada ya moja.

Mikono ya Bibi ilikuwa juu, tayari kwa makofi. Ikasimama pale. Akaitazama kama vile ni ya mtu mwingine, kisha akaiteremsha magotini na kuifunika kwa kanga. Hakumtazama baba. Alianza kunitafuta mimi kwa macho, huku na huku, na aliponiona nimesimama nyuma ya viti nilijua kwamba amejua yote, hata kile nilichosema kijijini kwamba ni kweli.

Sikukimbia. Nilitembea mpaka nyuma ya choo, nikajipenyeza kwenye pengo la minyaa, utomvu ukaniunguza shavu. Kundi kubwa lilikuwa linapita. Nilimchagua. Alikuwa mwekundu, mwenye pembe za kupinda, maziwa yanamdondoka yenyewe njiani. Katika watu wote wa kisa hiki yule ng'ombe peke yake ndiye ninayemwomba radhi. Nikakusanya viganja. Nikaanzia puani, chini, nikaacha ishuke kooni, nikaifungua, na nilitia ndani yake viti, kadi, maziwa nyuma ya jiko, na mikono ya Bibi chini ya kanga.

Alikuja kwa kasi ambayo sikuitegemea. Niliruka kando nyuma ya choo, naye akapita kwenye pengo kama vile hakuna minyaa, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata kwa sababu ng'ombe hufuata, na wachungaji wakapiga kelele, na kelele zikawaongeza mbio. Sikumbuki yote. Nakumbuka turubai moja likiinama pole pole. Nakumbuka vitambaa vyeupe vimekwama kwenye pembe. Nakumbuka mgeni rasmi akipanda mti wa mwarobaini ambao haukuwa wa kumbeba. Masikio ya karatasi yalitapakaa kila mahali, na watoto wenyewe walikuwa salama juu ya jukwaa, wanapiga mayowe ya furaha. Madam Stella alikuwa juu ya meza kuu. Gauni la bluu limekusanywa mpaka magotini, kisigino kimoja ndani ya keki.

Yule mwekundu alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya jukwaa akasimama. Anatafuta. Kipaza sauti kilikuwa kimeanguka karibu na miguu yake, na alipoinua kichwa na kulia, spika zote mbili zililia naye. Ilikuwa ndefu. Ilianzia mahali pa mbali ndani yake na haikutaka kuisha, na haikufanana kabisa na lile neno la kwenye kadi. Watu waliokuwa wanakimbia walisimama. Hakuna aliyecheka.

Mistari yote ya viti ilikuwa imelala chini isipokuwa viti vichache katikati, na kwenye kimoja Bibi alikuwa ameketi kama alivyokuwa ameketi. Ng'ombe walimpita kushoto na kulia. Baba alikuwa nyuma yake ameshika kiti. Mkurugenzi, akiwa amejibanza na spika, alimpigia kelele kwamba yeye ni mfugaji, afanye kitu. Bibi hakugeuka. Ndipo Madam Stella naye akamwita, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Bibi, tafadhali. Waambie watoke."

Bibi akainuka. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akatembea katikati ya ng'ombe bila haraka mpaka jukwaani, akachukua kibuyu chake miguuni pa Lilian, akakipangusa masizi kwa kiganja, akakiangalia mshono. Halafu akamgeukia aliyekuwa juu ya meza.

"Waambie wewe, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye unayewafundisha watoto ng'ombe anasemaje."

Akaja nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono, tukaondoka kwa geti la mbele, lile lenye maua.

Jumatatu Madam Stella aliniita peke yangu, akafunga mlango. Alinitazama muda mrefu shavuni, pale palipoungua utomvu. Alijua. Ila angekwenda kumwambia nini mkurugenzi, kwamba mtoto wa darasa lake amelia na ng'ombe akaamini? Nilimtazama na mimi. Kadi ya ng'ombe haikunyanyuliwa tena mwaka ule, walitoka kwenye kuku wakaruka kwenye mbwa, na muhula uliofuata yeye mwenyewe akarudi Dar. Juzi juzi nimemwona soko la Sabasaba, amehamia tena huku kama nusu ya nchi ilivyohamia, amezeeka, anachagua nyanya. Nikamwamkia shikamoo, ambayo nilimpa kwa ajili ya umri wake. Akaitikia marahaba, akaniuliza tunafahamiana wapi. Nikamsogelea nikamtajia jina alilonipa. Aliacha nyanya zake pale pale kwenye mzani, na mimi nikazinunua, nikapika, zilikuwa tamu.

Lakini turudi Jumamosi ile. Baba alibaki shuleni kuomba radhi kwa jambo asilolijua. Bibi na mimi tulikaa stendi kwenye benchi kungoja gari la Hombolo, kibuyu kiko katikati yetu, kinanuka moshi na ukali wa maziwa ya zamani, ile harufu ambayo mpaka leo nikifungua kabati la jikoni kwangu inanitoa machozi, maana kibuyu ninacho na Bibi sinaye. Nilikuwa nangoja kofi. Nilikuwa nangoja aniulize kwa nini nilimwacha ahadithie watu wote wale, kisimani, mashineni, kanisani. Alikuwa anakwangua masizi ya Lilian kwenye shingo ya kibuyu kwa ukucha.

"Ulianzia puani?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikusikia." Akakwangua. "Mwishoni umekata mapema. Hukutetemesha. Ng'ombe mwenye akili zake asingekuja."

Nikainamisha kichwa. Gari la Hombolo likaingia, watu wakaanza kusukumana mlangoni. Bibi akainuka, akakipachika kibuyu kwapani, akanivuta kidevu mpaka nikamtazama usoni, na pale pembeni mwa mdomo wake nikaona kitu kinaanza ambacho alikuwa anajitahidi sana kukizuia.

"Lakini amekuja," akasema.